Gari likigoma kuwaka, huenda limemdhania mwenyewe kuwa mwizi

Na Mwandishi Wetu, Tarime

GARI linapogoma kuwaka alfajiri, iwe ni katika stendi ya Tarime mjini au kando ya barabara ya kwenda Mugumu, jambo la kwanza ambalo watu wengi hulifanya ni kuita vijana wa kulisukuma. La pili ni kubadili betri. La tatu ni kununua pampu ya mafuta. Wakati mwingine yote matatu hufanyika kwa siku moja, fedha zikatoka mfukoni na gari likabaki palepale lilipokuwa.

Katika magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, chanzo cha mgomo wa namna hiyo kinaweza kuwa si ubovu wa injini hata kidogo. Gari linaweza kuwa limekataa kwa makusudi, kwa sababu mtambo wake wa kuzuia wizi haukumtambua aliyeshika ufunguo.

Kwa wakazi wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, jambo hilo lina uzito wake. Gari dogo la abiria, maarufu kama mchomoko, ndilo linalompeleka mama mjamzito hospitali usiku pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali. Ndilo linalowabeba wafanyabiashara kwenda na kurudi Sirari, mpakani mwa Kenya, umbali wa takribani kilomita 20 kutoka Tarime mjini. Katika vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, ambako tembo hutoka usiku na kuingia mashambani, kulala ndani ya gari lililogoma si jambo la kutaniana.

Hali ni ngumu zaidi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti yenyewe. Huko abiria haruhusiwi kushuka ovyo nje ya maeneo yaliyotengwa, hivyo dereva aliyepita lango la Ikoma na kisha gari likamgomea baada ya kusimama kutazama wanyama hawezi kufungua boneti na kuanza kuchokonoa nyaya. Kilichobaki ni kujua la kufanya akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Mtambo unaozungumzwa hapa mafundi huuita imobilaiza. Usichanganywe na king'ora, ambacho hupiga kelele mlango ukifunguliwa. Imobilaiza haina kelele yoyote. Kazi yake ni moja: kuhakikisha kwamba injini haiwaki mpaka ufunguo uliosajiliwa uwe umetambuliwa.

Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna chipu ndogo iitwayo transponda. Nyingine zina umbo la bomba dogo la kioo linalokaribia ukubwa wa punje ya mchele, nyingine ni kipande cheusi mfano wa kidonge. Chipu hiyo haina betri. Kuzunguka tundu la ufunguo kuna koili ya waya mwembamba ambayo, dereva anapofungulia swichi, hutoa mawimbi hafifu ya redio. Mawimbi hayo huiamsha chipu na kuipa nguvu ya kutosha kujibu kwa namba yake ya siri.

Jibu hilo hupelekwa kwenye kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi wa Kitanzania huiita kontroli boksi. Namba ikilingana na iliyohifadhiwa, injini hupewa mafuta na cheche za plagi. Isipolingana, au jibu lisipofika kabisa, kompyuta huzuia mafuta, au cheche, au vyote viwili. Mazungumzo yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Teknolojia hiyo ilienea kwa nguvu ya sheria katika baadhi ya nchi. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 1995, na kuanzia Oktoba 1998 magari mapya ya abiria barani humo yalilazimika kuwa na imobilaiza. Australia ilifuata Julai 2001 na Canada Septemba 2007. Marekani haikuweka sharti hilo, na matokeo yake yalionekana baadaye: wimbi la wizi wa magari ya Hyundai na Kia yasiyokuwa na mtambo huo lilizilazimisha kampuni hizo, Februari 2023, kutangaza maboresho ya programu bila malipo kwa magari yapatayo milioni 8.3.

Japani, ambako hutoka sehemu kubwa ya magari yaliyotumika yanayoingia Tanzania kupitia bandari ya Dar es Salaam, nayo haikuwa na sharti la namna hiyo. Ndiyo maana magari mawili ya aina moja, yenye rangi moja na ya mwaka mmoja, yanaweza kuegeshwa bega kwa bega, moja likiwa na imobilaiza na jingine likiwa halina. Magari ya kazi ya bei ya chini, kama baadhi ya matoleo ya Toyota Probox, mara nyingi hayakuwekewa. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi makini ni kama gari lililo mbele yake lina mtambo huo au halina.

Jibu huanzia kwenye dashibodi. Katika Toyota nyingi zenye imobilaiza kuna taa ndogo nyekundu ambayo humetameta gari likiwa limeegeshwa na ufunguo umetolewa. Ufunguo halali ukiingizwa na swichi kufunguliwa, taa hiyo huzimika. Ikiendelea kumetameta, gari linasema wazi kwamba halijautambua ufunguo. Katika Honda huonekana picha ya kijani ya ufunguo, ambayo huwaka kwa sekunde chache kisha kutoweka. Ikianza kupepesa, maana yake ni ileile.

Inasikitisha kwamba taa hiyo, ambayo ndiyo shahidi wa kwanza na asiyedai malipo, ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Wengi huitazama kila siku wakidhani ni pambo.

Baada ya taa, dereva asikilize stata. Ikiwa haizunguki kabisa, au inatoa mlio wa "tik tik" huku taa za dashibodi zikififia, lawama ziende kwanza kwenye betri na vichwa vyake. Betri nzima iliyopumzika huonyesha takribani volti 12.6 kwenye kipimo. Ikishuka chini ya 12 imekwisha nguvu. Wakati stata inazunguka, volti zikianguka chini ya 9.6 hivi, betri hiyo imechoka, au nyaya zake zimeshika kutu.

Betri dhaifu ina hila nyingine. Inaweza kuwa na nguvu ya kuwasha redio na taa, lakini stata inapoanza kuvuta, umeme hushuka kiasi kwamba kompyuta hushindwa kusoma ufunguo. Hapo dalili zote huelekea kwenye imobilaiza ilhali kosa ni la betri. Ni busara kuichaji betri au kuunganisha ya gari jingine kabla ya kuhukumu kitu kingine chochote.

Ikiwa taa za dashibodi ziko angavu na stata iko kimya, yapo mambo madogo ya kutazama: gia ya otomatiki haijakaa sawasawa kwenye P au N, breki haijakanyagwa katika gari la kitufe, au rilei ya king'ora kilichofungwa mitaani imekata waya wa stata.

Dalili inayoelekeza zaidi kwenye imobilaiza ni stata kuzunguka kwa nguvu zake zote huku injini ikikataa kushika, au ikishika kwa sekunde moja au mbili kisha kuzima, kila mara vilevile. Injini yenye pampu mbovu au plagi chafu huwa na tabia ya kubabaika, leo inashika, kesho haishiki, ikiwaka inakohoa.

Hapo kulisukuma gari hakusaidii. Kompyuta iliyokataa kutoa mafuta haibadili msimamo kwa sababu magurudumu yanazunguka, na gari la gia za otomatiki kwa kawaida haliwaki kwa kusukumwa hata likiwa zima. Kurudiarudia kuwasha nako kuna hasara: betri inakwisha, na katika baadhi ya magari ya Nissan, kujaribu mara tano au zaidi kwa ufunguo usiotambuliwa kunaifanya kompyuta ijifunge hadi ifuatwe taratibu maalumu za kuifungua.

Kabla ya kumwita fundi, dereva anaweza kufanya mambo matatu yasiyohitaji hata bisibisi. Aondoe ufunguo huo kwenye rundo la funguo nyingine, hasa kama humo mna ufunguo wa gari jingine wenye chipu yake, kwa kuwa chipu mbili zilizo karibu huweza kuzungumza kwa pamoja na koili isisikie yoyote. Pili, azime swichi, atoe ufunguo, asubiri kidogo na kujaribu tena akiwa ameugeuza upande wa pili. Tatu, ajaribu ufunguo wa akiba kama anao. Gari likiwaka kwa ufunguo wa pili, kesi imekwisha: ubovu uko kwenye ule wa kwanza.

Funguo huharibika kwa njia nyingi, na iliyo ya kawaida zaidi huanzia kwenye ukarimu wa fundi wa funguo. Kava la plastiki likipasuka, mwenye gari hununua jipya, bamba la chuma linahamishwa na kava la zamani linatupwa jalalani pamoja na chipu iliyokuwa imejificha ndani yake. Ufunguo mpya unang'aa, unafungua milango, unazungusha stata, na gari haliwaki. Vivyo hivyo ufunguo uliochongwa kwa mashine ya kawaida: meno yake ni sahihi lakini hauna chipu, au chipu yake haijasajiliwa. Wapo pia wanaozifua funguo pamoja na suruali, na wanaozitumia kufungulia soda.

Magari ya kitufe, kama baadhi ya Toyota Crown na Harrier, yana tofauti kidogo. Rimoti yake hutumia betri ndogo ya duara, na betri hiyo ikifa gari hujifanya kama halimjui mwenye nalo. Hata hivyo, ndani ya rimoti hiyo imo transponda isiyohitaji betri. Katika Toyota, dereva hukanyaga breki, hugusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, husubiri mlio, kisha hubonyeza ndani ya sekunde chache. Ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti ni wa kufungulia mlango tu. Dereva aliyekwama ndani ya hifadhi anaweza kufanya yote hayo bila kuteremsha hata kioo.

Simu iliyobanana na rimoti mfukoni, au kuegesha chini ya mnara mkubwa wa redio, navyo huweza kuvuruga mawimbi. Mara nyingi kusogeza rimoti sentimita chache kunatosha.

Yakishindikana hayo, kazi ni ya fundi wa umeme wa magari. Naye ana mtihani wake, kwani kukosekana kwa cheche na mafuta kwa wakati mmoja hakuthibitishi peke yake kwamba imobilaiza imefunga. Sensa inayosoma mzunguko wa shafti ya injini ikifa, matokeo yake ni hayohayo. Rilei kuu ya injini ikiungua, vilevile. Kinachotenganisha ni taa ya dashibodi na misimbo iliyohifadhiwa kwenye kompyuta.

Misimbo hiyo husomwa kwa mashine inayochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Mashine nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kusoma misimbo ya injini inayoanza na herufi P, na huweza kutangaza kwamba gari halina tatizo lolote huku likiwa limefungwa kabisa. Misimbo ya imobilaiza katika Toyota huanza na B. B2793 huashiria hitilafu ya chipu yenyewe; B2795, ufunguo usiosajiliwa; B2796, hakuna mawasiliano na ufunguo, kama inavyotokea chipu inapokuwa haimo; B2797, mawasiliano yapo lakini yanavurugwa. B2799 huhusu kutoelewana kati ya kitengo cha imobilaiza na kompyuta ya injini.

Huo wa mwisho huwapata wale waliouziwa kontroli boksi iliyotolewa kwenye gari jingine. Boksi linaweza kuwa zima kabisa, lakini halizijui funguo za gari lililohamishiwa. Katika baadhi ya Toyota kuna utaratibu wa kulioanisha na mtambo wa gari unaochukua takribani nusu saa swichi ikiwa wazi. Bila utaratibu huo, aliyenunua atalirudisha dukani akidai ameuziwa bovu, na muuzaji ataapa kwamba lilikuwa zima. Wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Kwa magari ya dizeli uchunguzi ni tofauti. Injini hizo hazina plagi za cheche, hivyo fundi hutazama solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu. Land Cruiser za zamani zenye pampu ya kimakenika, ambazo bado zinafanya kazi za utalii na miradi, zinaweza kugoma kwa sababu ya waya mmoja tu unaopeleka umeme kwenye solenoidi hiyo.

Mazingira ya wilaya hizi mbili nayo yana mchango. Tarime ni nyanda za juu zenye baridi na mvua nyingi, na unyevu hupenya kwenye soketi za nyaya ukazalisha kutu ya kijani. Serengeti, hasa kiangazi, ni vumbi. Barabara inayotoka Tarime kupitia Nyamwaga hadi Mugumu, ikivuka Mto Mara, ilijulikana kwa miaka mingi kwa matope na mitikisiko. Waya uliofungwa kwa gundi ya karatasi haudumu katika njia ya namna hiyo. Panya nao, kwa gari lililolala karibu na ghala la mahindi, hawana simile na nyaya.

Ndiyo maana mtuhumiwa mkubwa katika magari mengi si imobilaiza ya kiwandani, bali vile vilivyoongezwa baadaye: king'ora cha dukani, swichi ya siri ya kukata umeme iliyofichwa chini ya kiti, au kifaa cha kufuatilia gari kwa satelaiti chenye rilei ya kuzima pampu ya mafuta. Ili kuvifunga, fundi hukata waya asilia wa gari na kuupitisha kwenye rilei. Rilei hiyo ikiungua, au kiungo chake kikilegea, gari huzima hata likiwa mwendoni, na taa ya dashibodi haitaonyesha lolote kwa kuwa gari halina habari kwamba kitu hicho kipo.

Uchunguzi wake ni wa macho na subira. Fundi hufungua plastiki iliyo chini ya usukani na kutafuta nyaya zisizofanana na za kiwandani, zilizosokotwa kwa mkono na kuviringishwa gundi nyeusi. Akiunganisha waya asilia kama ulivyokuwa na gari likawaka, amempata mkosaji. Mwenye gari aliyelinunua kwa mtu naye aulize mapema kama kuna swichi ya siri, na kama gari lilikuwa na deni. Wapo wakopeshaji wanaoweza kuzima chombo kwa amri ya simu marejesho yakichelewa, na hapo hakuna fundi atakayeona ubovu.

Lipo jaribu la kuondoa imobilaiza moja kwa moja. Wapo mafundi wanaoweza kuifuta kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na gari likawaka kwa ufunguo wowote wenye meno yanayofanana. Katika wilaya iliyo mpakani, hilo si suala dogo. Gari lililoibwa na kuvushwa upande wa pili hupatikana kwa taabu, hata kama polisi wa nchi za ukanda huu wamekuwa na umoja wao, EAPCCO, tangu mwaka 1998. Imobilaiza haimzuii mwizi aliyesomea kazi yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA, Marekani, walionyesha mwaka 2005 kwamba hata chipu zilizotumika katika mamilioni ya magari, zikiwamo za Ford na Toyota, zinaweza kuvunjwa siri yake. Humzuia yule wa bisibisi na nyundo, ambaye ndiye aliye wengi.

Kwa sababu hiyohiyo, fundi anayeombwa kusajili ufunguo mpya ana wajibu wa kutaka kwanza kuona kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, na kulinganisha namba ya chesisi na iliyopo kwenye gari lenyewe. Mteja anayekasirika kwa kuulizwa kadi yake amekwisha kujibu swali.

Magari mengi yaliyotumika hufika nchini yakiwa na ufunguo mmoja tu. Katika Toyota nyingi za ufunguo wa kuzungusha, ufunguo mkuu uliopo ndio unaoiruhusu kompyuta kupokea mwingine, na kazi hiyo huchukua dakika chache. Ukipotea huo mmoja, itabidi kompyuta ing'olewe na kumbukumbu yake iandikwe upya, au ibadilishwe kabisa, kwa gharama kubwa zaidi na pengine kwa kulibeba gari hadi Musoma au Mwanza.